Msimu Ulioonekana Kutoka Golini

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, na mfuniko wake ulikuwa umeshika kutu hata ikabidi mdogo wangu auchokonoe kwa kisu. Ilikuwa siku ya nne baada ya kumzika Baba. Tulikuwa tumekaa sakafuni katika chumba chake huko Arua, tunatenganisha vya kugawa na vya kuchoma. Mfuniko ulipotoka, harufu ilitangulia: dawa ya kuchua, ile inayopanda puani na kukufanya uvute pumzi kana kwamba umetoka nje asubuhi ya baridi. Ndani kulikuwa na bandeji kuukuu iliyoviringishwa, na ndani ya bandeji vizibo vya soda.

Mdogo wangu alizaliwa baada ya mambo haya, kwa hiyo alivihesabu kama mtu anavyohesabu vitu asivyovijua. Kumi na kimoja vilikuwa vimepakwa rangi nyekundu ya kucha, sasa imebandukabanduka. Kumi havikupakwa kitu. Akasema hizi ni timu mbili na kimoja kimepotea, akainama kutazama chini ya kitanda. Nilimwacha atafute. Vilikuwa vimetimia.

Wenzangu mliokulia kwenye kwarta, zile nyumba za safu za askari, huko Kampala mtanielewa upesi. Chumba kimoja, pazia katikati. Upande huu sebule, upande ule kila kitu kingine. Safu yetu ilikuwa mteremkoni, na ukisimama mlangoni ulikiona kilima cha Mbuya na minara yake. Baba zetu walitoka kila upande, wengi wao kaskazini, na Kiswahili tulichozungumza kilikuwa cha wote bila kuwa cha mtu yeyote, kila mmoja akikipinda kwa namna ya kwao. Mama yangu alikuwa Mkatoliki, kila Jumapili alikwenda kusali Lubaga kisha akapitia kwa dada yake aliyekuwa na duka kule. Baba alikuwa Mwislamu aliyefunga Ramadhani yote na kula Krismasi yote.

Baba hakuwa askari wa bunduki. Timu ya kikosi ilimwona akidaka kwenye uwanja wa udongo huko kwao, ikamwandikisha kwa sababu ya mikono yake. Ikampa sare, mshahara, na mlango namba kumi na tisa. Alikuwa golikipa wa ligi kwa miaka sita. Majirani hawakumwita kwa jina. Walimwita Kipa, na Mama akawa Mama Kipa hata kanisani.

Siku moja alirudi kutoka uwanja wa Nakivubo na mkono wa kushoto umefungwa plasta kutoka kwenye vifundo vya vidole hadi kiwiko. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Timu ilishinda ikabaki kwenye daraja lake, na jioni ile watu walikuja mlangoni kumpa pole na kumpa hongera kwa pumzi moja. Daktari alisema kifundo cha mkono hakitarudi kilivyokuwa. Hatadaka tena.

Sheria ilikuwa hivi, ingawa mimi wakati huo sikuijua. Mchezaji aliyeumia akiichezea timu ya kikosi alihesabiwa ameumia kazini. Alibaki, akapewa kazi nyepesi getini au stoo, na mlango wake ukaendelea kuwa wake. Aliyeumia kwenye shughuli zake mwenyewe, bila ruhusa, aliachishwa, akapewa wiki tatu za kufunga mizigo. Wa kuamua ilikuwa bodi ya maofisa watano. Baba alikuwa ameandikiwa siku ya kwenda mbele yao.

Nilichokijua mimi ni kwamba Baba ataitwa na bodi, na bodi itamuuliza maswali. Nilikuwa na miaka tisa. Watu wanaokaa mezani wakakuuliza maswali, ukijibu vizuri unapanda, ukikosa unashuka, kwangu mimi huo ulikuwa mtihani. Na niliamini zaidi nilipomwona Baba ameanza kurudia msimu wote kutoka mechi ya kwanza. Mwalimu wetu naye, mtihani ukikaribia, aliturudisha ukurasa wa kwanza wa kitabu.

Alianza siku ya pili baada ya kufungwa plasta. Nilirudi shuleni nikamkuta ameviringisha mkeka na kuchora uwanja kwa chaki kwenye sakafu ya saruji. Vizibo aliviokota kantini, na kumi na kimoja alivipaka rangi ya kucha ya Mama, jambo lililompa Mama maneno ya siku mbili. Mpira ulikuwa haragwe. Nguzo za goli zilikuwa viberiti viwili vilivyosimamishwa. Goli lilikuwa moja tu. Upande wa pili hakuchora kitu. Chaki iliishia miguuni pa kitanda.

Nilimuuliza lile goli lingine liko wapi. Akaniambia nilale chini, shavu sakafuni, nyuma ya viberiti. Nikalala. "Sasa unaona nini?"

Nikasema naona migongo ya vizibo.

"Basi. Na mimi niliona hiyo tu."

Huo ndio ulikuwa mchezo wetu. Haukuwa mchezo wa kushinda, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimeshatokea. Tulicheza msimu mzima kama alivyouona yeye, kutoka golini. Timu yetu ilipofunga, Baba hakusogeza kizibo hata kimoja. Aliangalia mbali kuelekea kitandani, kisha akatoa sauti ya chini kifuani, sauti ya watu wengi walio mbali, ikapanda, ikavunjika. Hivyo ndivyo golikipa anavyojua kwamba wenzake wamefunga, aliniambia. Anaona migongo, anasikia watu, kisha anaona migongo ikigeuka na kuwa nyuso.

Wachezaji wa mbele aliwasogeza yeye kwa mkono wake mzima. Kizibo cha kipa hakikuwepo. Mikono yangu miwili ndiyo iliyokuwa yeye. Niliisimamisha kati ya viberiti na kuipeleka alikoniambia. "Hatua moja kulia. Hapana, usiruke bado, huyo anadanganya. Tazama goti, usitazame macho." Haragwe lilikuja, nikaliruhusu lipite pale lilipopita kweli, nikalidaka pale alipolidaka kweli. Nikidaka lililopaswa kuingia, alilirudisha nyuma na tukaanza upya. Katika mechi ya tatu tulifungwa goli la kijinga kati ya miguu, na alinifanya nilipokee mara nne mpaka miguu yangu, yaani vidole vyangu, ikaachana sawasawa na ya kwake.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuandika. Niliandika nani amepita mlangoni, mvua imenyesha saa ngapi, kuku wa nani ametaga wapi. Baba aliniita Karani. Kila mechi ilipokwisha, nilikaa na daftari la shule lenye mistari nikaandika yote: mechi ya ngapi, uwanja gani, magoli, nani alipiga kona, Baba aliruka upande gani, alimwambia nini beki wake. Niliandika kwa mpangilio uleule kila mara, na kwa kalamu ya risasi, ili nikikosea nifute. Baba alisoma kwa shida na siku zile hakulishika daftari lile. Lakini alipenda kusikia kalamu. Alilala chali akafumba macho, na nikisimama aliuliza, "Mbona umenyamaza? Andika."

Majirani walizoea. Kasimu, golikipa wa akiba, kijana aliyekaa milango mitatu kutoka kwetu, alipita karibu kila jioni na kusimama na ndala zake mikononi ili asikanyage uwanja. Alikuwa na aibu ya mtu aliyerithi kitu mwenye nacho akiwa bado hai.

"Muzee, mimi nakuchungia goli tu," alisema. "Ukipona unakuta iko pale pale."

Baba alimwambia achunge vizuri, maana akiendelea kusimama vile alivyosimama juzi, wenye uwanja watampaka chokaa wakidhani ni nguzo. Kasimu alicheka mpaka akaegemea mlango. Kisha akaangalia plasta, akaacha kucheka, akaaga.

Tulipofika mechi ya tisa, Baba aliketi muda bila kupanga vizibo. Kisha akaniambia kuanzia hapa mkono wa kushoto niuweke nyuma ya mgongo.

Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu sikuutumia."

Nikasema lakini aliumia mechi ya mwisho, kila mtu anajua. Baba alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuurudia msimu ule kwa uongo. Sijui kama angeweza kumdanganya ofisa. Mimi aliyenilaza chini nione alichokiona, alishindwa kunidanganya. Akaniambia kwamba baada ya mechi ya nane, siku yake ya mapumziko, alikwenda Lubaga kumpakia rangi mama mdogo dari la duka. Ngazi iliteleza. Aliangukia mkono. Kifundo kilivimba kama chungwa, na usiku ule Mama alikikanda kwa maji moto, na tangu siku ile dawa ya kuchua na bandeji vilikaa chini ya mto. Mechi ya tisa, ya kumi, na ya kumi na moja alidaka kwa mkono mmoja na kuusindikiza kwa mwingine, na hakuna aliyejua ila Mama na Mama mdogo. Angesema, wangemweka nje, na mchezaji aliye nje msimu ukiisha hajulikani atakaa wapi.

Alisema hayo polepole, kama anavyosema mtu anayemweleza mtoto kwa nini mpira umepita kushoto. Na mimi nikayaandika. Mechi ya tisa. Mkono mmoja. Sababu: alianguka kwenye ngazi kwa Mama mdogo, Lubaga, akipaka rangi. Nilipiga mstari chini ya neno sababu, kwa rula.

Mechi ya kumi na ya kumi na moja tulizicheza vizuri, mkono wangu mmoja ukifa ganzi mgongoni. Ikabaki ya mwisho. Nikirudi shuleni nilimkuta amekaa, uwanja umechorwa, vizibo viko ndani ya kopo. "Ile bado," alisema. Kesho yake, bado. Siku ya bodi ilikuwa Jumatano, na Jumatatu ilikuwa imefika, na mtahiniwa wangu alikuwa hajagusa somo kubwa kuliko yote. Nilikosa usingizi kwa ajili yake.

Jumatatu ile ndipo alipokuja Afande Otim, meneja wa timu. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyetembea kama ana mayai mfukoni. Baba alikuwa amekwenda hospitali kukatwa plasta, Mama yuko bombani. Akaniuliza Baba iko wapi, nikamwambia. Akasema atangoja, akakaa kwenye benchi la nje na kujipepea kwa kofia.

Nikaona bahati imekuja yenyewe. Nilitoka na daftari nikampa kwa mikono miwili. Nikamwambia Baba amesoma yote, imebaki moja tu, na kama wakimuuliza akasahau, iko yote humu.

Alicheka kwanza. Alisoma mechi ya kwanza, akacheka tena, akapiga paja: beki mmoja alikuwa ametukanwa ndani yake na mimi nilikuwa nimeliandika tusi. Alisoma kwa kidole. Nilikitazama kile kidole kinavyoteremka mstari kwa mstari, na nilijivuna mpaka nikasimama kwa vidole vya miguu. Mechi ya nne, ya tano. Kidole kilikuwa na pete ya shaba. Kwenye mechi ya tisa kilisimama juu ya mstari wa rula na hakikuendelea.

"Hii ya ngazi, nani alikuambia?"

"Baba mwenyewe."

Akalifunga daftari, akalitazama jalada lake kana kwamba kitu kingine kimeandikwa pale. Kisha akanirudishia na kuinama mpaka nikanusa jasho la kofia. "Sikia, mtoto. Hii kitabu weka mahali hata wewe mwenyewe hauoni. Na mimi leo sikukuja hapa. Kale?"

Nikasema kale, ndiyo "sawa" ya Kampala. Aliondoka bila kumngoja Baba.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilifikiri nini nilipomwona akishuka mteremko. Ninachokikumbuka kwa hakika ni furaha. Darasani kwetu, mwenye majibu yaliyo sahihi kabisa ndiye aliyeambiwa afunike daftari, wenzake wasije wakamwibia. Nilielewa kwamba daftari langu lilikuwa na majibu yote, na kwamba Afande Otim, kwa kuwa ni mtu wa haki, amejifanya hakuliona. Siri ikawa kubwa kifuani mwangu. Nililiweka chini ya godoro, na usiku wa Jumanne nikalitoa.

Bahasha ya kaki ya Baba ilikuwa juu ya kabati, ndani yake karatasi za hospitali na fomu ya timu. Shuleni waliofaulu bila kusoma ndio walioingia na karatasi sokisini. Sikupenda tabia hiyo, lakini Baba alikuwa na somo zima ambalo hajalirudia. Nikalipenyeza daftari katikati ya karatasi za hospitali, ili akikwama alione. Nikapanga ncha zote zikawa sawa.

Asubuhi alivaa sare. Bila plasta mkono ule ulikuwa mwembamba na mweupe, kama si wa kwake, na Mama ndiye aliyemfunga vifungo. Kasimu alikuja kumsindikiza. Nikamwambia Baba asiogope, kila kitu kiko kwenye bahasha. Akaniwekea mkono mzima kichwani akasema ndiyo, Karani, kila kitu kiko humo.

Alirudi saa nane mchana. Mimi nilikuwa nimewahi kutoka shule, niko mlangoni. Kasimu hakuwa naye. Aliingia, akaketi upande wa sebule, akatoa daftari kwenye bahasha na kuliweka mezani, akalinyoosha lisipinde. Mama alikuwa amesimama na kijiko cha mboga. Alilitazama daftari, akamtazama Baba, na nikaona uso wake ukipokea habari ambayo mimi sikuwa nimeipata.

Nilimuuliza Baba kama lilimsaidia.

"Umeandika vizuri," alisema. "Hakuna mahali umekosea."

Mama alirudi nyuma ya pazia. Nikamsikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ngazi ilikuwa yangu mimi, mimi ndiye niliyekutuma. Baba akamjibu chakula kinaungua.

Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenikaripia. Iliwachukua watoto wa safu yetu siku mbili kunieleza nilichokifanya, na walinieleza vizuri, kwa kupokezana. Nilikwenda nyuma ya vyoo nikakaa huko mpaka Mama alipokuja kunichukua. Nilitaka kulifuta. Hilo ndilo wazo pekee nililokuwa nalo: ni kalamu ya risasi, inafutika. Nililifuta kweli, mstari ule wa ngazi, mpaka karatasi ikatoboka. Wiki tatu zilibaki wiki tatu.

Yaliyotokea ndani ya kile chumba sikuyajua hadi mwaka huu. Baba hakuyasema na sisi hatukuuliza. Baada ya matanga nilishuka Kampala nikamtafuta Kasimu, ambaye sasa ana mvi na anauza viatu vya kuchezea mpira kwenye kibanda karibu na Nakivubo. Nilimuuliza kwa utaratibu, kama ninavyouliza watu kazini. Siku ile aliwekwa mlangoni kama askari wa zamu na mlango haukufungwa. Aliona bahasha ikifunguliwa na karatasi zikitolewa moja moja. Afande Otim alikuwa amekaa pembeni, na daftari lilipotoka alijifuta uso kwa kofia. Mwandishi wa bodi akalisoma kwa sauti, mechi ya tisa yote, na tusi la beki.

Kasimu akafunga kamba za kiatu alichokuwa ameshika, akazifungua.

"Chairman hakuwa mtu mbaya," akasema. "Alimpa muzee njia. Alimwambia, huyu ni mtoto, watoto wanatunga. Sema tu kwamba ametunga, tuendelee. Aliisema mara mbili."

Nikamuuliza Baba alijibu nini.

"Alisema, mtoto wangu haandiki uongo."

Nilimwomba arudie, nikaandika, kwa sababu mkono wangu haujui kufanya kingine. Mteja akaja akauliza bei ya viatu vya watoto. Nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki nikiwa mtu mzima mwenye miwani, na nikatamani, kama ninavyotamani ninapoandika haya, kwamba angesema nimetunga. Mtoto husahau kuitwa mwongo kabla ya chakula cha jioni. Mlango namba kumi na tisa ungebaki wetu. Mama asingelima shamba la mawe mpaka mgongo wake ukakataa, na Baba asingekaa miaka yote ile kwenye kiti kimoja huko Arua, akisikiliza mpira redioni mkono wa kushoto ukiwa mapajani. Hakuna wa kumwambia haya sasa. Na hata angekuwepo, najua angesema nini: matokeo ni matokeo.

Siku ya kuhama, kitanda kilikuwa kimeshatolewa nje na pazia limeshushwa. Chumba kilikuwa kikubwa, sikuwahi kukiona kizima. Gari la mizigo lilikuwa halijafika. Baba akachukua chaki akapiga magoti, akachora uwanja mara ya mwisho, goli moja. Akasimamisha viberiti. Akavipanga vizibo, kumi na kumi na kimoja. Nilikuwa na zaidi ya siku ishirini sijalala pale chini na sikutaka. Akasema imebaki moja, Karani.

Nikalala, shavu kwenye saruji. Mkono wa kushoto nikauweka mgongoni mwenyewe bila kuambiwa.

Ilikuwa mechi ndefu. Kipindi cha kwanza alitoa ile sauti ya kifuani, sasa ikigonga kuta tupu, na migongo ikawa nyuso: moja bila, tunaongoza. Kipindi cha pili vizibo vyekundu vilikuja wimbi kwa wimbi. Nilidaka, nikapiga ngumi, nikatoa kona. Halafu akakivuta kizibo kimoja chekundu kutoka mbali, peke yake, hakuna beki. Akakisimamisha mbele ya haragwe.

"Anapiga kushoto," alisema.

Nilielewa. Nilibaki nimelala, mkono uko mgongoni. Haragwe likaja, likapita kati ya viberiti, likaenda kugonga ukuta. Hakuna kilichovunjika. Nilimtazama Baba kwa mara ya kwanza siku ile, nikamwambia limeingia, moja moja, mechi imeisha.

Alinyoosha mkono wake mzima, akaliokota haragwe, akalirudisha mbele ya kizibo.

"Haikuwa hivyo."

Nikamwambia wacha tu iingie, Baba. Alitikisa kichwa. Nikamuuliza kwa nini hakuiacha, si alijua mkono ni mbovu, si alijua tangu Lubaga. Akafikiri, maana swali la mechi alilijibu siku zote.

"Mpira ulikuja kushoto," alisema. "Haukuniuliza. Ruka, Karani."

Nikautoa mkono mgongoni. Haragwe likaja tena, nikaruka kwa mkono ule, nikaligonga kwa ncha za vidole likapita nje ya kiberiti, na uzito wangu wote ukauangukia mkono kama wake ulivyouangukia. Uliuma kidogo tu. Akaniambia nigeuke nilale chali. Nikageuka. Akaniuliza naona nini, nikasema mabati. Akasema ndiyo, mabati ya jukwaa, halafu uso wa Kasimu, kwa sababu glavu za timu zilikuwa jozi moja na ilibidi azivue kutoka mikononi mwangu azivae yeye. Akanishika vidole vya mkono wa kushoto, akavivuta taratibu, kimoja kimoja, kama anavua glavu. Mengine alisema hakuyaona. Aliyasikia tu akiwa chumba cha kubadilishia nguo. Na palepale, amepiga magoti kwenye chumba kitupu, akaitoa sauti ile kwa mara ya mwisho, ikapanda.

Nje gari la mizigo lilipiga honi. Mama aliingia kuchukua jiko, akatukuta, akangoja.

Baba akaviviringisha vizibo kwenye bandeji. Kisha akatoa daftari lile chini ya shati lake, lenye tundu kwenye mechi ya tisa, na kalamu ya risasi, akaniwekea tumboni. Nikamwambia siandiki tena. Alijilaza kando yangu kwenye saruji, akafumba macho kama zamani.

"Mbona umenyamaza?" alisema. "Andika."

Ukurasa huo ninao. Herufi zimekandamizwa mpaka zinahisika kwa nyuma. Mechi ya kumi na mbili. Nakivubo. Mpira ulikuja kushoto. Baba aliruka.